Jinsi ya kumkagua Darth Vader wa Kenner kabla hujatoa pesa

Darth Vader wa Kenner, kampuni ya vitu vya kuchezea ya Cincinnati huko Marekani, ni mmoja wa visanamu 12 vya kwanza vya filamu ya Star Wars vilivyoingia madukani mwaka 1978. Mwili wake ni plastiki nyeusi ngumu inayostahimili mengi, kwa hiyo hata aliyechezewa miaka kumi anaweza kuonekana mzima pichani. Bei yake inabebwa na vitu viwili vidogo ambavyo ni rahisi kupotea na kughushiwa: upanga mwekundu na joho. Anzia hapo, mwili ufuate.

Uwe na lensi ya kukuza mara 10, tochi, rula ya milimita na vijiti vya pamba.

Upanga unakaa ndani ya mkono wa kulia. Chini ya mkono kuna mfereji, na kwenye kitako cha upanga kuna kinundu. Kisukume kinundu hicho taratibu kwa ncha ya kidole mpaka upanga uchomoze mbele ya ngumi. Kamwe usiuvute kwa ncha yake, kwa sababu hapo ndipo panapokatika. Upanga wa kawaida ni kipande kimoja: sehemu nene, halafu ncha nyembamba kama njiti. Iangalie ncha kwa lensi. Iliyopinda kidogo inavumilika. Iliyokatika huacha mwisho butu wenye kingo za kukwaruza, na bei lazima ishuke.

Kuna toleo la mwanzo, adimu sana, ambalo upanga wake hurefuka kwa hatua mbili: sehemu nene ina uwazi ndani, na kijiti chembamba kinachomoza kutoka humo. Bei yake ni ya juu mno, ndiyo maana bandia zake ni nyingi. Jihadhari pia na upanga wa kawaida uliokatika ncha, maana mtu anaweza kukuuzia kama wa toleo hilo "uliopoteza kijiti". Omba picha tatu: upanga ukiwa ndani, ukiwa umetoka nusu, na kijiti kikiwa kimetoka chote, huku mwanga ukimulika kutoka nyuma. Muuzaji akisita kuzitoa, achana naye. Panga za kunakili kwa kumimina rezini kwenye kalibu huwa na viputo vidogo vya hewa, kingo zisizo kali, na mara nyingine hupungua ukubwa kidogo kwa sababu rezini husinyaa inapokauka. Upanga ukicheza ovyo ndani ya mfereji, shuku.

Joho la asili ni la vinili, lenye matundu mawili ya kupitishia mikono. Michaniko huanzia kwenye matundu hayo, kwa kuwa watoto walilivua na kulivika kwa kulazimisha. Limulike tochi kwa nyuma: mchaniko wa milimita 2 usioonekana kwa macho utatoa mstari wa mwanga. Joho linalonata vidoleni limeanza kutoa mafuta ya kulainishia plastiki. Joto huongeza kasi ya tatizo hilo, kwa hiyo anayeishi Mombasa au Dar es Salaam asimfungie kisanamu kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Joho laini kama jipya, lisilo na kumbukumbu yoyote ya mkunjo juu ya mwili uliochakaa, huenda limeongezwa baadaye. Halina ubaya likitajwa wazi na bei ikiendana nalo.

Sasa mwili. Una viungo vitano: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Inua kila mkono usawa wa bega kisha uachie. Ukishuka wenyewe, kiungo kimelegea. Msimamishe juu ya kioo. Akiyumba au akianguka, kosa liko nyongani, na nyonga iliyolegea hairekebishiki vizuri. Nyuma ya miguu tafuta chapa ya mwaka 1977 (mwaka wa hakimiliki, si wa kuuzwa) yenye herufi G.M.F.G.I., kifupi cha General Mills Fun Group, Inc., kampuni mama ya Kenner. Isome kwa lensi: herufi zenye kingo kali ni dalili njema, zilizofifia kama sabuni iliyotumika ni dalili ya nakala.

Ujanja unaowapita wengi ni kalamu ya wino mzito. Mikwaruzo kwenye kofia nyeusi hufichwa kwa wino mweusi, na kwa kumwangalia usoni tu hutaona kitu. Laza tochi pembeni, karibu usawa wa meza, mzungushe polepole: wino hutoa mng'ao wa zambarau, plastiki haitoi. Pitisha kijiti cha pamba chenye maji na tone la sabuni uone kama wino unatoka. Usitumie spiriti wala asetoni, zitaondoa na rangi ya asili ya kisanduku cha kifuani.

Akiwa bado ndani ya kadi yake, yaani karatasi ngumu ya dukani yenye kifuniko cha plastiki angavu, kazi huhamia kwenye gundi. Kagua ukingo wa plastiki angavu ulipogusana na karatasi: gundi iliyofurika, au karatasi iliyochanika chini yake, inaonyesha kadi ilifunguliwa ikafungwa upya. Chini ya lensi, uchapaji wa kiwandani ni vidoti vilivyopangwa kwa utaratibu, wa printa ya nyumbani ni matone yaliyotawanyika.

Mkikubaliana, mwambie muuzaji aurudishe upanga wote ndani ya mkono kabla ya kufunga mzigo, na joho lisikunjwe.