Kufuatilia kwa MRI dawa ya saratani inayoachiliwa kwa joto

Kabla ya kupasha uvimbe joto, piga picha za msingi za MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) mgonjwa akiwa ametulia kabisa, kwa kuwa joto hupimwa kwa kulinganisha kila picha mpya na hizo za awali, na hata msogeo mdogo wa pumzi huweza kusomeka kama badiliko la joto. Kipimo hiki cha joto hutegemea maji ya tishu. Kwenye mafuta hakiaminiki.

Kisha elekeza mawimbi ya ultrasauti kwenye uvimbe, ukihakikisha joto linabaki kati ya nyuzi 40 na 43 za Selsiasi, ambapo utando wa liposomu (vifuko vidogo sana vya mafuta) zilizobeba doksorubisini, dawa ya saratani, hulegea na kuimwaga dawa ndani ya mishipa midogo ya damu.

Katika utafiti, liposomu hizo hubebeshwa pia gadolini, kemikali ya kung'arisha picha za MRI, ambayo ikitoka hukutana na maji mengi zaidi na kulifanya eneo hilo ling'ae kwenye picha za T1, aina mojawapo ya picha za MRI. Kwa maoni yangu mng'ao huu ndio wa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani ramani ya joto haithibitishi kuwa dawa imefika. Kiini cha uvimbe kikipata joto lakini kikabaki cheusi, chunguza kwanza kama damu inafika hapo.