Somo: Gemu yako ya kwanza ya matatu kwa Scratch, hatua kwa hatua

Wasee mambo. Wengi mmekuwa mkiuliza pa kuanzia kutengeneza gemu, na nikiwauliza mnataka gemu gani mnaniambia ya mpira, timu mbili, na makomenteta juu, hiyo wacheni kwanza. Leo tunatengeneza kitu kidogo: matatu iko Jogoo Road, unaisongesha kushoto na kulia, abiria wanakuja kutoka juu unawabeba hamsini kila mmoja, ukiingia kwa shimo gemu imeisha. Jioni moja inatosha.

Tunatumia Scratch. Ni ya bure, ilitengenezwa na watu wa MIT kule Marekani ikatolewa kwa umma 2007, na hii tunayotumia ni toleo la 3 lililotoka Januari 2019. Huandiki msimbo kwa kibodi, unaburuta bloku, yaani vipande vya maagizo, unazipachika moja chini ya ingine. Ingia scratch.mit.edu ufungue mradi mpya, akaunti si lazima. Kama bando ni shida, pakua programu yake mara moja uiweke kwa mashine, baada ya hapo hauhitaji intaneti. Lugha unabadilisha pale juu na Kiswahili kiko, ndio maana hapa nitataja rangi ya bloku na kazi yake badala ya jina, kila mtu aelewe hata kama skrini zetu hazifanani.

Hatua ya 1: barabara na gari

Ukifungua utapata paka. Mfute, bonyeza kale kadebe ka taka kwa picha yake. Kila kitu kinachoweza kusonga kwa Scratch kinaitwa spraiti, sasa chora spraiti mpya: matatu ikionekana kutoka juu, mstatili tu, mstari wa njano katikati, kioo mbele, basi. Usikae hapo saa mbili ukichora grafiti za nganya, utazichora baadaye gemu ikishafanya kazi. Kitu kimoja muhimu: mchoro ukae juu ya ile alama ndogo ya katikati ya karatasi ya kuchorea, kwa sababu Scratch inapima mahali gari iko kutoka hapo.

Mandhari paka kijivu, weka mistari myeupe. Jukwaa lina upana wa 480 na urefu wa 360, na sufuri iko katikati kabisa, kwa hivyo x inatoka -240 kushoto mpaka 240 kulia, na y inatoka -180 chini mpaka 180 juu. Andika hizo namba kwa karatasi, utazitumia sana.

Hatua ya 2: matatu isonge

Hapa ndio watu wengi hukwama kwa hivyo twende polepole. Bonyeza matatu, chukua bloku ya njano yenye bendera ya kijani, chini yake weka ya bluu ya kupeleka spraiti mahali, x 0, y -120. Halafu chukua ile ya rangi ya chungwa inayorudia bila kukoma, ile yenye mdomo wazi, na ndani yake weka bloku mbili za "kama". Ya kwanza: kama mshale wa kulia umebonyezwa, ongeza x kwa 8. Ya pili: kama mshale wa kushoto umebonyezwa, ongeza x kwa -8. Ile ya kuuliza kama kitufe kimebonyezwa ni ya bluu nyepesi na inaingia kwa ule mwanya wenye pembe sita.

Mtu ataniuliza mbona tusitumie ile ya njano inayosema kitufe kikibonyezwa, si ni rahisi zaidi? Ni rahisi lakini jaribu uone: gari inaruka hatua moja, inasimama kidogo, ndio iendelee. Ni tabia ya kibodi yenyewe, ni kama tu ukishikilia herufi A ukiandika, inatokea moja, inangoja, ndio zifuatane. Ukiweka ndani ya kurudia, Scratch inauliza mara 30 kwa sekunde kama umebonyeza, na gari inateleza vizuri. Hesabu yake: 8 mara 30 ni 240 kwa sekunde, yaani kutoka ukingo mmoja wa jukwaa hadi mwingine ni sekunde 2. Ukiona ni pole weka 10, ikiwa kali weka 6.

Bonyeza bendera ujaribu. Usiende hatua ya 3 kabla gari haijasonga, nasema hivyo kwa sababu ukijenga vitu vitano halafu ujaribu mara moja hutajua ni gani imeharibika.

Hatua ya 3: abiria na pesa

Kwanza tengeneza veriabo, ni kama kile kipochi cha makanga, inashika namba na inabadilika. Nenda kwa zile za chungwa iliyokolea, unda mpya, ita pesa, na uchague iwe ya spraiti zote. Ukichagua ya spraiti hii tu, zingine hazitaiona na utasumbuka bure. Kwa matatu, mara tu chini ya bendera kabla ya zile zingine, weka pesa iwe 0, la sivyo kesho ukifungua utaanza na pesa za jana.

Sasa chora abiria mdogo. Bloku zake: bendera, enda x ya bahatisho kati ya -150 na 150 (bahatisho ni bloku ya kijani inayojichagulia namba yoyote kati ya hizo mbili), y 180. Halafu kurudia bila kukoma, ndani yake: ongeza y kwa -5. Kama anagusa matatu, ongeza pesa kwa 50 na umrudishe juu kwa x ingine ya bahatisho. Kama y yake ni ndogo kuliko -165, mrudishe juu pia. Kwa mwendo huo anatoka juu mpaka chini kwa sekunde 2 na kidogo, unapata muda wa kumfikia.

Hatua ya 4: shimo

Hii ni dakika tano. Bonyeza abiria kulia mwa mausi, nakili, atatoka pacha na bloku zake zote. Badilisha mchoro uwe shimo jeusi, mwendo weka -7, na pale alipogusa matatu ondoa pesa na ile ya kurudisha juu, weka ile ya chungwa ya kusimamisha kila kitu. Gemu iko tayari, mpe mtu wa nyumba acheze uone atakosea wapi.

MASWALI

Kijana wa Umoja: Abiria wangu wakifika chini wanakwama hapo wanajaa kama stage ya Muthurwa saa kumi na mbili, shida ni nini?

Jibu: Cheki namba uliyoweka, nina uhakika umeandika -200. Scratch haiachi spraiti itoke nje ya jukwaa yote, lazima kipande kibaki kinaonekana, kwa hivyo y yake haifiki -200 milele na ile "kama" yako haitimii. Weka -165.

Mwalimu, Githurai: Wanafunzi wangu wamepanga bloku zote sawa lakini matatu haitikisiki kabisa.

Jibu: Mwalimu, angalia kama zile "kama" ziko ndani ya ile ya kurudia au zimening'inia chini ya bendera peke yake. Zikiwa nje zinauliza swali mara moja tu, ile dakika bendera inabonyezwa, na hapo hakuna mtoto ameshika mshale bado.

Dada wa Donholm: Nimeongeza honi ilie abiria akipanda lakini sasa abiria anaganda juu ya gari mpaka honi iishe.

Jibu: Dada kuna bloku mbili za sauti zinafanana. Umechukua ile inayongoja sauti iishe ndio iendelee. Chukua ile ingine inayoanzisha sauti tu.

Mama wa Kayole: Wangu ana miaka sita na hatuna kompyuta, simu yangu itafanya?

Jibu: Mama, simu ni ndogo kwa hii, bloku utakuwa unazitafuta kwa kucha. Kwa miaka sita afadhali ScratchJr, ni ya watoto wa miaka 5 hadi 7 na inakaa vizuri kwa tableti, bloku zake ni picha hazihitaji kusoma. Scratch hii yetu inalenga miaka 8 hadi 16. Siku mkienda saiba akiwa mkubwa kidogo, hakikisha amehifadhi faili kwa flashi, itaishia na .sb3, kwa sababu bila akaunti ukifunga dirisha kazi yote imeenda.

Kijana wa Umoja tena: Sawa imekubali. Sasa ni rahisi sana, nafanyaje iwe ngumu?

Jibu: Kwa shimo, badala ya -7 tupu, weka hesabu ya kijani: -7 toa pesa gawanya kwa 500. Ukiwa na 500 mwendo ni -8, ukifika elfu ni -9, yaani ukishiba unakimbizwa.

Msee wa Rongai: Naweza weka Play Store nianze kuuza?

Jibu: Scratch yenyewe haikupi faili ya Play Store. Kuna TurboWarp Packager, ni ya bure, inageuza .sb3 kuwa ukurasa wa HTML ambao rafiki yako anafungua kwa brauza bila Scratch. Lakini kabla ya kuuza ujue ukishaiweka wazi kwa tovuti ya Scratch inakuwa chini ya leseni huria ya Creative Commons (CC BY-SA), mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha bora tu akutaje. Kama unataka kuficha bloku zako, usiishiriki huko, iache kwa mashine yako.