Kuhesabu Saa za Buu Kabla ya Kulipandikiza Kuwa Malkia wa Nyuki

Wafugaji wa Subukia, Rongai na Njoro wanaopandikiza mabuu (kuyahamisha kutoka kwenye sega hadi vikombe vidogo ambamo nyuki huyalea yawe malkia) ili wapate malkia wengi kwa pamoja wanarudia kosa lile lile kila msimu, nalo ni kuchagua buu kwa kuwa linaonekana vizuri badala ya kuhesabu saa tangu yai lilipotagwa. Hivi karibuni nilifungua mzinga wa mfugaji mmoja siku ya 9 baada ya kupandikiza, nikakuta vijumba 24 vya malkia (vyumba vya nta ambamo malkia hukua): kimoja kilikuwa kimekatwa nchani kwa duara safi, kifuniko chake kikining'inia, na vile 23 vimetobolewa ubavuni. Malkia aliyetangulia kutoka alikuwa amewaua wenzake wote wakiwa bado ndani. Mwenye mzinga alidhani nyuki wake ni wakali kupita kiasi, kumbe alikuwa amechanganya mabuu ya siku moja na buu la karibu siku tatu, na lile kubwa likakomaa kabla ya mengine.

Hata pale ambapo mabuu yote ni makubwa kwa usawa na hakuna anayemtangulia mwenzake, hasara ipo, ila huchelewa kuonekana. Malkia na kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, hutokana na yai la aina moja, na kinachowatenganisha ni chakula. Buu lililokwisha kuanza kulishwa kama kibarua hutoa malkia mwepesi, mwenye vifereji vichache vya mayai na kifuko kidogo cha kuhifadhi mbegu za dume. Malkia wa namna hiyo hutaga kwa muda, kisha nyuki wenyewe humbadilisha, na mfugaji analaumu ukame.

Kwa hiyo mfungie malkia mzazi. Tumia kizimba chenye nafasi ambazo vibarua hupita lakini yeye hapiti, umwekee sega tupu lililowahi kulelewa watoto, kwa sababu weusi wake hufanya buu lionekane. Ukimfungia Jumanne saa 2 asubuhi, mtoe Jumatano saa 2 asubuhi, wala si jioni utakapopata nafasi. Yai huanguliwa baada ya saa 72 hivi, kwa hiyo Jumamosi saa 2 asubuhi mabuu yote ya sega hilo yatakuwa hayajazidi saa 24, na hiyo ndiyo saa ya kupandikiza. Ukiahirisha hadi Jumapili baada ya ibada, umekwisha kupoteza siku nzima, na sega hilo halifai tena kwa kazi hii.

Buu linalofaa halizidi sana urefu wa yai lenyewe, limejikunja kama ukucha uliokatwa wa mtoto mchanga, na limelala juu ya tone la maziwa ya nyuki. Likishafanya duara linalojaza kitako cha tundu, liache. Nawasihi wenzangu ambao macho yameanza kuchoka watumie kioo cha kukuzia au wamwite kijana wa nyumbani, kwani buu kubwa huchaguliwa mara nyingi kwa sababu hiyo tu. Pitisha kijiko cha kupandikizia chini ya mgongo wake, ulinyanyue pamoja na maziwa yake, na ulilaze kikombeni kwa upande ule ule; likipinduka, usilirudishe, kwa maana matundu yake ya kupumulia yamezama.

Kazi hii ifanyike ndani ya nyumba, madirisha yakiwa yamefungwa, hasa Januari na Februari ambapo upepo mkavu wa Bonde la Ufa hukausha buu kwa dakika chache. Funika vikombe vilivyokwisha kujazwa kwa taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, na uviingize kwenye mzinga utakaovilea kabla ya dakika 20 kupita.

Vitabu vingi huagiza vijumba vihamishwe siku ya 10 baada ya kupandikiza, lakini nyuki wetu wa Afrika hukomaa mapema kidogo kuliko wale wa Ulaya, kwa hiyo hamisha siku ya 9, yaani Jumatatu ya wiki ya pili, kila kijumba kwenye kasha lake dogo lenye nyuki wa kukitunza, kikiwa wima bila kutikiswa. Siku ya 5 uwe umekagua masega mengine ya mzinga unaolea vijumba na kuvunja vijumba ambavyo nyuki wamejijengea wenyewe, kwani malkia wao atatoka kabla ya wako.

Ukiona yai moja katikati ya kila tundu wiki mbili hivi baada ya malkia kutoka, amekwisha kupandwa.