Kupima umakini na kujizuia kwa mtoto, kijana na mzee: mwongozo wa hatua kwa hatua kutoka Lamu

Hapa Lamu mtoto asiyetulia chuoni, yaani madrasa, huitwa mtundu, kijana anayekurupuka huambiwa hana adabu, na mzee akichelewa kujibu watu hunong'ona kwamba akili imeanza kumtoka. Hukumu zote hizo hutolewa kabla mtu yeyote hajapima kitu. Mimi kazi yangu ni kupima. Vipimo ninavyoeleza hapa mwalimu, muuguzi, mhudumu wa afya ya jamii au mzazi mwenye subira anaweza kuvifanya kwa karatasi ya manila, kalamu za rangi na saa ya simu. Havitoi jina la ugonjwa. Vinachoonyesha ni wapi hasa mtu anakwama: kushika maagizo kichwani, kuzuia jibu linalomtoka upesi, au kudumu na jambo moja bila mawazo kuhama.

Uwezo huu hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo huendelea kukomaa hadi mtu yuko katikati ya miaka yake ya ishirini. Kwa hiyo andika umri juu ya karatasi kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Tafuta mahali na saa

Usipimie barazani. Kila apitaye atasalimu, na anayepimwa hana budi kuitikia. Hiyo ni adabu, si kukosa umakini. Dakani nako, pale mlangoni pa nyumba, macho yanavutwa na njia. Ingieni ndani, kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye kivuli kinatosha. Mtoto mpime asubuhi akishakunywa chai. Mzee muulize mwenyewe ni saa ngapi huwa mwepesi, na wengi watakwambia mapema, kitu ambacho tafiti zimekithibitisha pia: wazee hufanya vizuri zaidi asubuhi kuliko alasiri. Mfungo wa Ramadhani ukiwa umeingia, ngoja uishe.

Hatua ya 2: Uliza kwanza yasiyohusu umakini

Anasikia vizuri? Anaona? Amelala usiku? Anatumia dawa gani? Nyumbani wanazungumza lugha gani? Mtoto wa Kibajuni au Kiorma akielezwa mchezo kwa lugha ya darasani, unapima lugha hapo, hupimi kujizuia.

Halafu muulize mama kuhusu malaria. Usiulize tu kama mtoto aliwahi kuugua, kwa sababu pwani hii nani hajaugua. Uliza kama ilimpanda kichwani, akapata degedege au akapoteza fahamu. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya aina hiyo, na miaka miwili baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa bado ana kasoro katika kumbukumbu, umakini au kujifunza. Mtoto kama huyo amekuwa akichapwa kwa utundu ambao haukuwa utundu.

Hatua ya 3: Jua na mwezi (miaka mitatu na nusu hadi saba)

Kata kadi 16. Nane ziwe nyeupe zenye jua, nane nyeusi zenye mwezi na nyota. Zichanganye. Mwambie mtoto: "Huu ni mchezo wa kinyume. Ukiona jua, sema usiku. Ukiona mwezi, sema mchana." Mjaribishe kwa kadi mbili, umsahihishe akikosea, kisha anza. Ukishaanza usimwambie tena amepata au amekosa.

Mchezo huu ulitungwa na Gerstadt, Hong na Diamond nchini Marekani mwaka 1994. Walio chini ya miaka mitano uliwatoa jasho; wa miaka sita au saba waliuona mwepesi. Kwa hiyo ukimpima wa miaka minne akakosea nusu, usimwite mama yake kwa sauti ya msiba.

Angalia namna anavyokosea, si idadi ya makosa tu. Yuko anayeanza sawasawa, kadi tano sita safi, kisha anateleza na kuanza kutaja anachokiona: kanuni amechoka kuishika. Yuko anayejiziba mdomo kwa kiganja, jibu la kwanza likamponyoka hata hivyo, akajirekebisha mwenyewe. Huyu wa pili kanuni anaijua vizuri. Breki ndiyo bado changa. Andika "amejirekebisha" pembeni mwa kadi hiyo, usiihesabu tu kama kosa.

Na hapa kuna dawa isiyogharimu kitu. Mwaka 2002 Diamond na wenzake walijaribu kumchelewesha mtoto: mpimaji alionyesha kadi kisha akaimba kibwagizo kifupi kabla ya mtoto kuruhusiwa kujibu. Majibu sahihi yaliongezeka. Rudia kadi zako nawe ukiimba "fikiri kwanza, usiniambie bado". Akifaulu namna hiyo, mwambie mwalimu wake ampe muda wa kuvuta pumzi kabla ya kujibu. Huyo hahitaji bakora.

Kwa wadogo zaidi, wa miaka mitatu, tumia kadi za samaki na mashua, nyekundu na za bluu. Wazipange kwanza kwa rangi, kisha uwaambie sasa wapange kwa umbo. Ukimuuliza wa miaka mitatu "samaki huwekwa wapi?" atakuonyesha mahali penyewe, halafu mkono wake utaipeleka kadi kwenye rangi ile ya zamani. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilidhani ananitania. Ni kawaida kabisa kwa umri huo, na wengi hulivuka wakifika miaka minne au mitano.

Hatua ya 4: Gonga meza (mtu yeyote, hata asiyesoma)

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia zaidi kwa wazee, kwa sababu hakidai shule. Kimo katika kipimo kifupi cha sehemu ya mbele ya ubongo kilichotolewa na Bruno Dubois na wenzake wa Ufaransa mwaka 2000. Kina sehemu mbili, na mfuatano wa kugonga ni huu kwa zote: 1-1-2-1-2-2-2-1-1-2.

Sehemu ya kwanza: "Bibi, nikigonga mara moja, wewe gonga mara mbili. Nikigonga mara mbili, wewe gonga mara moja." Mfanyishe mazoezi kwanza hadi uone ameelewa, kisha pitia mfuatano.

Sehemu ya pili: "Sasa tumebadilisha. Nikigonga mara moja, gonga mara moja. Nikigonga mara mbili, usigonge." Kanuni ya kwanza bado iko mkononi, na kuizuia ndiko unakokupima.

Alama hutolewa hivi kwa kila sehemu: bila kosa 3, kosa moja au mawili 2, zaidi ya mawili 1, na akikuiga ulivyogonga mara nne mfululizo, 0. Ongea kwa heshima na taratibu, na usimcheke akisema "ala, mkono huu!".

Hatua ya 5: Rangi na maneno (wanaosoma kwa wepesi)

Andika NYEKUNDU kwa wino wa bluu, KIJANI kwa wino mwekundu, na kadhalika, maneno 40. Kwenye karatasi ya pili chora miraba 40 ya rangi zilezile. Mtu ataje rangi ya wino kwenye karatasi zote mbili, nawe upime sekunde. Mwanasaikolojia Stroop wa Marekani alipochapisha jaribio hili mwaka 1935, miraba 100 iliwachukua watu kama sekunde 63 kwa wastani, na maneno 100 yenye wino tofauti kama 110. Hicho kikawio ndicho gharama ya kuzuia kusoma. Andika kwa maandishi ambayo mtu huyo huyasoma kila siku. Kama amesomea zaidi herufi za Kiarabu, zitumie hizo, la sivyo hakuna cha kuzuia na utadhani una bingwa mbele yako.

Kijana mpime peke yake, kisha siku nyingine mbele ya marafiki zake wawili. Katika majaribio ya Marekani ya mchezo wa kuendesha gari, vijana walithubutu hatari zaidi rafiki akiwatazama, wakati watu wazima hawakubadilika sana. Nawajua vijana wa mtaa wa Langoni ambao wakiwa peke yao wanapima upepo kama nahodha wa zamani.

Hatua ya 6: Kudumu

Soma orodha ya samaki, jina moja kila sekunde mbili, dakika tano: tafi, pono, changu, nguru, tewa… Agonge kila asikiapo changu. Changu wawe wachache, 20 tu kati ya majina 150. Andika hesabu ya kila dakika peke yake. Mackworth wa Uingereza alionyesha mwaka 1948 kwamba hata vijana wenye afya, wakitazama mshale wa saa kusubiri uruke hatua mbili badala ya moja, huanza kukosa zaidi ndani ya nusu saa ya kwanza. Dakika ya tano ikiwa mbaya kuliko ya kwanza, umeona kitu ambacho jumla pekee ingekificha.

Hatua ya 7: Kasi na makosa, safu mbili

Usichanganye. Hapa ndipo hukumu nyingi huharibika. Utafiti wa mtandaoni uliochapishwa na Fortenbaugh na wenzake mwaka 2015, wenye watu zaidi ya 10,000, ulikuta uwezo wa kudumu na umakini ukipanda hadi karibu miaka 43, kisha ukashuka polepole. Lakini kulikuwa na kitu cha pili kando ya uwezo, yaani mkakati: kadiri umri ulivyozidi watu walikwenda polepole na kwa uangalifu zaidi. Kijana mwenye kasi na makosa mengi, na mzee mzito asiyekosea, wanaweza kupata jumla moja, na ushauri wao ni tofauti kabisa. Mzee anayejibu taratibu na kwa usahihi bado ana breki zake zote.

Usilinganishe namba zako na majedwali ya Ulaya. Watafiti wa Kilifi, jirani zetu, wamefanya kazi ya miaka mingi kutengeneza vipimo vya watoto wa pwani kwa sababu hiyo hiyo. Kama huna vyao, mlinganishe mtu na yeye mwenyewe, baada ya miezi kadhaa, saa ile ile, mahali pale pale.

Kipimo ninachokukataza

Watu wataomba lile jaribio maarufu la peremende: mwachie mtoto kashata moja, mwambie akisubiri atapata mbili. Usilifanye kama kipimo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwatangulizia watoto mtu mzima anayetimiza ahadi au asiyetimiza. Waliomwamini walisubiri kama dakika 12, wengine kama tatu. Na watoto wa Wanso wa Kameruni walisubiri kuliko wa Ujerumani kwa mbali: karibu asilimia 70 walifika mwisho, kwa 28 za Wajerumani. Mtoto ambaye kaka zake humnyang'anya kashata ana akili anapoila mara moja.

Hatua ya 8: Nani wa kupelekwa hospitali

Mzee aliyebadilika ndani ya saa au siku chache, aliyeanguka, au mwenye homa, mpeleke leo, usimpime. Mtoto aliyewahi kupata degedege na anashindwa vipimo vyote, mwandikie barua yenye safu zako mbili. Na mtu mzima anayefaulu vyote huku familia ikilia kwamba pesa zinamwishia kwa upuuzi na ahadi hazitimizi, waamini wao: mgonjwa mmoja aliyeelezwa na Eslinger na Damasio mwaka 1985 alifaulu vipimo vizuri kabisa baada ya upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo, na maisha yake nje ya chumba cha kupimia yakavurugika. Barua ya mtu wa namna hiyo iandikwe kwa maneno ya mke wake au dada yake, alama ziwekwe chini.