Kubandika kucha bandia juu ya kucha fupi au zilizotafunwa

Kama kucha zako ni fupi kwa sababu unazitafuna, usikate tamaa, zinabandikika. Ila kama pembeni kuna kidonda au damu, subiri kwanza papone. Gundi kwenye ngozi iliyochubuka inachoma vibaya.

Tatizo kubwa ni nyama ya ncha ya kidole. Kucha ikitafunwa sana, nyama hiyo hutuna na kuisukuma kucha bandia juu, nayo hubanduka haraka. Kwa hiyo chagua yenye upana wa kucha yako, ukingo hadi ukingo. Ikipwaya kidogo, ipunguze kwa tupa. Usichukue nyembamba ukailazimisha.

Sugua kucha yako taratibu kwa tupa mpaka mng'ao utoke, futa mafuta kwa spiriti, acha ikauke. Tia gundi kidogo, egemeza kucha bandia kwa mshazari wa kama nyuzi 45, kisha ilaze polepole ili hewa itoke. Bana sekunde 10.

Halafu ikate fupi, tafadhali! Ndefu ikigonga kitu hung'oka na tabaka la kucha yako. Siku ya kuitoa, loweka kwenye asetoni (kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha), usiivute.