Kumfikishia Injili Rafiki Anayevutiwa na Jinsia Yake: Mwongozo kwa Wakristo wa Mtwara na Lindi

Nimeuandika mwongozo huu kwa Mkristo wa kawaida wa Mtwara, Masasi, Newala, Nachingwea au Lindi, ambaye ana ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzake anayevutiwa kimapenzi na watu wa jinsia yake, naye angetamani mtu huyo amjue Kristo lakini hajui aanzie wapi. Sizungumzii mikutano ya hadhara wala vipaza sauti vya uwanjani. Nazungumzia mtu mmoja anayeketi na mwenzake kibarazani, miezi na pengine miaka, mpaka neno la Mungu lipate njia ya kupita kati yao. Mtume Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba hakuwapa Injili peke yake, bali aliwapa na nafsi yake pia, kwa sababu walikuwa wamekuwa wapendwa wake. Kwa watu hawa sijaona njia nyingine inayofaa.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, kijana mmoja tuliyekuwa tukiokota naye alinieleza siri yake. Nilimpenda kwa dhati, na kwa kumpenda huko nikalipeleka jambo lake katika kikundi cha maombi, nikiwa na hakika kwamba kutotaja jina kungetosha. Haikutosha. Katika kijiji ambacho kila mtu anajua nani hajaoa na nani anatembea na nani, wasikilizaji walijumlisha wenyewe, na kabla ya juma kwisha habari ilikuwa imemfikia mjomba wake. Kijana alifukuzwa nyumbani, akaondoka bila kuniaga, na habari za Yesu nilizokuwa nimezipanga kumwambia hazikupata tena masikio yake.

Siri kwanza

Kwa hiyo jambo la kwanza, na ndilo nitakalokaa nalo kwa muda mrefu zaidi, ni kutunza siri. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaweka kwa tendo la ngono kinyume cha maumbile adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha, na isiyopungua miaka 30. Mtu anayekufungulia moyo wake anajua hivyo, na anajua pia kwamba kabla ya mahakama ziko ngumi za mtaani, mwenye nyumba wa kumtoa chumbani na mwajiri wa kumwachisha kazi. Anapokuambia, ameweka maisha yake mikononi mwako. Usimwambie mke au mume wako bila ruhusa yake. Usimwambie mchungaji, padri wala katekista bila ruhusa yake, hata kama nia yako ni kumtafutia msaada. Mwulize kwanza, na akikataa, liache. Maombi yako kwa ajili yake yafanye chumbani mwako, kwa maana Mungu anamjua bila wewe kumweleza mbele za watu. Usiandike jambo hili katika ujumbe wa simu, kwa kuwa simu hupotea, huazimwa na hushikwa na wasiohusika.

Huku Kusini kuna uzito mwingine ambao mgeni anaweza asiuone. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo umehesabiwa tangu zamani kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya wapwa zake ambayo mara nyingine inazidi ya baba mzazi. Rafiki wa familia hushawishika kwa urahisi kwenda kumnong'oneza mjomba ili "amsaidie kijana". Usiende. Siku ya kuwaambia wazee, kama itafika, ni yake yeye kuichagua, na wewe unaweza kumsindikiza akikuomba.

Nieleze pia mpaka wa siri hii, kwa sababu upo. Mtoto chini ya miaka 18 akikueleza kwamba mtu mzima anamwingilia, huo ni ukatili dhidi ya mtoto, nao hautunzwi kama siri. Unapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au katika dawati la jinsia na watoto la polisi. Vilevile, mtu akikuambia kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake usiku ule, na kukikucha mfikishe hospitali. Ukweli kwamba amefika mahali pa kuyatamka maneno hayo unahitaji daktari pamoja na maombi.

Maneno ya kinywa chako

Katika mwambao wetu neno "shoga" lilikuwa, na kwa wanawake wengi bado ni, jina tamu la mwanamke kumwita rafiki yake wa karibu. Leo neno hilohilo linatupwa kama jiwe kwa mwanamume, na yapo mengine mabaya zaidi ambayo sitayaandika. Asiyekujua hupima usalama wake kwa jinsi unavyocheka wengine wanapoyatumia. Anakusikiliza kijiweni kwenye kahawa, anakusikiliza sokoni mnapopishana na kijana mwenye mwendo wa madaha, na anaamua mapema kama wewe ni mtu wa kuambiwa kitu. Ukitaka siku moja akusikilize kuhusu Kristo, acha mizaha hiyo leo, hata mbele ya watani zako, na wala usitoe hotuba ya kueleza kwa nini umeiacha. Yeye mwite kwa jina lake, au "kaka", "dada", "mdogo wangu", kama umwitavyo mwingine yeyote.

Kusikiliza kabla ya kufundisha

Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alikuta jando likiwa ndilo shule ya uanaume wa watu wa huku. Wamisionari wengine wangelipiga marufuku mara moja. Yeye alijifunza kwanza linasema nini na linamfanyia nini kijana, kisha akalitengenezea sura ya Kikristo. Mtu anaweza kubishana na baadhi ya maamuzi yake, lakini mpangilio wake naukubali: alisikiliza, akaelewa, ndipo akafundisha.

Rafiki yako naye amepita katika mafunzo hayo, awe Mkristo au Mwislamu. Alifundishwa jandoni au unyagoni kwamba mwanamume kamili ni yupi na mwanamke kamili ni yupi, huku kimoyomoyo akijua kwamba ndani yake kuna jambo lisilolingana na wimbo unaoimbwa. Wengi wamelibeba tangu utotoni. Wengi wamekwisha kuomba, kufunga na kulia mbele za Mungu ili liwatoke, kwa hiyo usidhani kwamba wewe ndiwe wa kwanza kuwaletea wazo la sala. Mwulize maswali ya mtu anayetaka kujua: alianza lini kulitambua, anaogopa nini zaidi, aliwahi kuumizwa na watu wa kanisa, anamfikiriaje Mungu. Kisha nyamaza. Usimwulize habari za faragha za mwili wake. Hazikuhusu, na hakuna roho iliyowahi kuokolewa kwa udadisi.

Maongezi haya hayafanyiki kwa miadi rasmi. Yanatokea mkimenya ming'oko jioni, mkitengeneza baiskeli, mkirudi mnadani au mkitembea ufukweni Shangani jua linapotua. Kula kwake, naye ale kwako. Mgonjwa wake akilazwa, nenda ukamjulie hali; msiba ukimpata, kaa matangani siku zote kama ndugu. Urafiki huu uwe wa kweli, si chambo. Ukiona unahesabu siku ukingoja aokoke ili urudi kwenye shughuli zako, rudi kwanza kwa Mungu wewe mwenyewe, kwa sababu rafiki yako ataligundua hilo kabla yako. Fedha pia ziangalie: saidia kwa kiasi ambacho ungemsaidia rafiki mwingine, asije akahisi kwamba imani ndiyo malipo ya unga na kodi ya chumba. Na kama rafiki yako ni mwanamke, ni vyema urafiki huu wa karibu ubebwe na dada Mkristo, kwa sababu zilezile tunazozifuata katika huduma nyingine.

Siku ya kulizungumza neno lenyewe

Wengi wetu tunaanzia Mambo ya Walawi, kwa mstari unaomkataza mwanamume kulala na mwanamume. Mtu huyu anaujua mstari ule kuliko wewe. Ametupiwa mara nyingi. Mimi napendelea Matendo ya Mitume sura ya 8, kwa Filipo na towashi wa Kushi, yaani mwanamume aliyehasiwa. Towashi alikuwa ametoka Yerusalemu kuabudu, na sheria ya kale katika Kumbukumbu la Torati 23 ilikuwa ikimzuia mtu wa namna yake kuingia katika kusanyiko. Filipo hakuanza na hali ya mwili wake. Alimwuliza kama anaelewa anachosoma, akasubiri kualikwa kupanda garini, akaketi naye, na kuanzia kwenye andiko lilelile ambalo yule mtu alikuwa amelishika akamhubiria habari njema za Yesu. Ajabu ni kwamba andiko hilo lilitoka katika Isaya 53, na sura tatu tu mbele, katika Isaya 56, Mungu anawaahidi matowashi walishikao agano lake nafasi katika nyumba yake na jina lililo bora kuliko wana na binti. Msome naye sura hizo mbili taratibu, jioni mbili au tatu, kisha mwulize anaona nini.

Kiini cha unachompelekea ni hiki: Mungu alimpenda kabla hajabadilika lolote, Kristo alikufa kwa ajili yake na kwa ajili yako kwa damu moja, akafufuka, na anamwita amfuate. Usimhubirie kwamba awe mpenzi wa wanawake. Hakuna mtume aliyehubiri hivyo. Mpelekee Bwana, kama ulivyopelekewa wewe.

Siku moja atakuuliza: kanisa lenu linasemaje juu ya mtu kama mimi? Mjibu kweli, bila kukwepa. Makanisa yetu ya Kusini, Katoliki, Anglikana, Kilutheri na mengi ya Kipentekoste, yanafundisha kwamba tendo la ndoa ni la mume na mke, na kwamba asiye katika ndoa hiyo anaitwa kuishi katika usafi wa moyo na mwili. Mimi nami naamini hivyo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inasema pia kwamba watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, na kwamba kila dalili ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Na Paulo, baada ya sura ya kwanza ya Warumi tunayopenda kuinukuu, anageuka papo hapo katika sura ya pili kumkemea anayehukumu wengine, akimkumbusha kwamba wema wa Mungu ndio unaomvuta mtu apate kutubu. Mweleze yote mawili kwa pamoja. Mweleze pia unapopambana wewe mwenyewe, iwe ni hasira, tamaa au fedha, ili aone kwamba mnasimama mbele ya msalaba uleule.

Tafadhali usimwahidi kwamba mvuto wake utaondoka. Nchini Marekani kulikuwa na mtandao mkubwa wa huduma za Kikristo ulioitwa Exodus International, uliojulikana kwa kuwatia watu tumaini la kubadilika. Mwaka 2013 kiongozi wake, Alan Chambers, aliwaomba radhi wale walioumizwa na huduma hizo, na mtandao huo ukafungwa. Shirika la Afya Duniani nalo liliuondoa mvuto huu katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Hivyo usimpeleke kwa mganga, usimfanyie maombi ya kukemea pepo kwa nguvu mbele ya watu, na usimtafutie mke kama dawa. Hilo la mke nalisema kwa uchungu, kwa sababu binti wa watu anaingizwa katika ndoa asiyoambiwa ukweli wake, na watu wawili wanateseka mahali pa mmoja. Akiamua kuishi bila ndoa kwa ajili ya Kristo, ajue kwamba hatakula peke yake Krismasi na Pasaka; hapo ndipo kanisa linapodaiwa, na mdaiwa wa kwanza ni wewe uliyemkaribisha.

Anaweza kukataa. Anaweza kusema kwamba yeye ni Mwislamu na ataendelea kuwa Mwislamu, au kwamba ana mwenzi wake na hataki mazungumzo hayo tena. Lipokee neno lake, acha kulirudia jambo hilo mpaka aliulize mwenyewe, na endelea kumpitia jioni kama kawaida. Siri yake inabaki siri.

Na akisema atakuja ibadani, panga mapema. Mpitie nyumbani, mwende pamoja, mketi viti vya katikati ambako hatatazamwa na kila mtu. Ikiwa kanisa lenu husimamisha wageni na kuwatambulisha, mwulize jana yake kama angependa kusimama. Akisema hapana, usimsukume. Asiposhiriki meza ya Bwana, usigeuke kumtazama. Watu wakikuuliza ni nani, sema ni rafiki yako, inatosha. Ibada ikiisha msibaki uani muda mrefu penye maswali mengi. Mchukue nyumbani, mle wali na samaki, na mazungumzo ya mezani yawe ya korosho, ya mpira na ya watoto, mpaka yeye mwenyewe atakapotaka kusema jambo kuhusu aliyoyasikia.