Kwaresima bila kuishia njiani: tafuta kibubu

Kila mwaka naona watu wanaanza Kwaresima, zile siku 40 za mfungo kabla ya Pasaka, Jumatano ya Majivu na moto mkali, kaacha nyama kaacha soda kaacha mitandao kaacha kila kitu, ikifika wiki ya pili kashachoka karudi palepale, na mimi yamenikuta hayo miaka mingi tu. Sasa hivi nafanya hivi, na inakaa mpaka Pasaka.

Kwanza sheria zetu Wakatoliki, maana wengi tunachanganya. Kufunga kwa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59. Unakula mlo mmoja wa kushiba, na mara mbili unaweza kula kidogo ila ukijumlisha hivyo vidogo visifike mlo mzima. Kuacha nyama ni siku hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Samaki na mayai ruksa. Mgonjwa, mjamzito, anayenyonyesha ale jamani, asijitese. Na Jumapili hazimo kwenye zile siku 40, ndo maana ukihesabu kalenda mpaka Jumamosi Kuu unapata 46.

Sasa kibubu. Nunua cha mbao au chukua kopo la maziwa ya unga litoboe juu. Halafu chagua kitu KIMOJA unachonunua karibu kila siku, soda ya mchana, chipsi za jioni, bando la kuangalia video, chochote ila kikuume kidogo. Kila siku ukikiacha, hela yake itumbukize siku hiyohiyo, usiseme ntajumlisha mwisho wa wiki maana hela ikilala mfukoni inapata safari. Ukiteleza siku moja usikate tamaa, kesho endelea. Hapo ndo kufunga kunageuka sadaka, ulichojinyima wewe kinamfikia mwenzio. Ukiacha nyama Ijumaa halafu ukaagiza sangara mzima wa bei kuliko hiyo nyama, sheria hujavunja, lakini mwenye njaa amepata nini?

Pa kupeleka, parokia zinakusanya, ila mimi napenda kuuliza jumuiya kwanza, yaani kile kikundi cha waumini majirani tunaosali pamoja, mama zetu wa jumuiya wanajua nani anaumwa na nani kafukuzwa kwa kukosa kodi. Mpelekee kimyakimya, Mathayo 6 imesema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia.

Sala nayo usijiwekee mlima, dakika 10 asubuhi kabla hujashika simu, soma Injili ya siku, basi. Njia ya Msalaba, ile sala ya kukumbuka mateso ya Yesu, ni Ijumaa, ukikwama kwenye foleni vituo 14 unaweza kuvisali nyumbani na watoto, kila mtoto anasoma kituo. Kuungama nenda mapema, wiki ya pili au ya tatu hivi, Juma Kuu mapadre wanazidiwa na wewe utaungama harakaharaka.

Mwaka 2025 tulianza tarehe 5 Machi majirani zetu Waislamu wako kwenye Ramadhani, wakawa wanatuletea futari, nasi tukajifunza kitu, kwamba chakula cha mfungo kinagawanywa.

Kibubu kwetu tunakipasua Jumatano ya Juma Kuu usiku, watoto wanahesabu, ili anayepelekewa awahi kununua unga na mafuta ya Pasaka kabla maduka hayajajaa.